Bangi na Taabu ya Mgonjwa



Mwaka 1839, katika mji wa Calcutta, tabibu wa Kiairishi aitwaye William Brooke O'Shaughnessy, aliyekuwa akisomesha kemia katika chuo cha udaktari cha mji huo, aliwasomea wataalamu wenzake habari za majaribio yake ya bangi. Hakuanza kwa wagonjwa. Kwanza alidurusu maandishi ya Kihindi, Kiajemi na Kiarabu, kwani matabibu wa mataifa hayo walikuwa wakiutumia mmea huo karne nyingi kabla yake. Kisha akawapa mbwa na wanyama wengine, akawaangalia walivyolewa, walivyolala na walivyozindukana. Na baada ya hayo ndipo alipothubutu kuwapa wanadamu, wenye baridi yabisi, wenye pepopunda, wenye kipindupindu, na kitoto kichanga kilichoshikwa na degedege.

Miongoni mwao alikuwamo mtu aliyepatwa na kichaa cha mbwa, na aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo anajua jinsi koo linavyomkaza hata kuyaona maji tu kukamtia kiwewe. Alipopewa bangi alitulia, akaweza kufyonza matunda yenye maji na kula wali laini. Siku chache baadaye alifariki, kwa kuwa maradhi yale hayakuwa na dawa, wala tabibu hakudai kuyashinda. Alichoshuhudia ni kwamba mgonjwa alipunguziwa adhabu ya kufa kwake. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake: kumpunguzia mtu taabu ni kazi kamili ya tiba, yenye heshima yake, hata pale ambapo maradhi yenyewe hayaondoki.

Dawa ile ilipelekwa Uingereza, ikatumika kwa miaka mingi, kisha ikaachwa, na sababu mojawapo ya kuachwa kwake ni kuwa nguvu yake haikujulikana: chupa hii ilikuwa kali, ile haina kitu, na daktari asiyejua kadiri ya anachompa mgonjwa hana tofauti na mwenye kubahatisha. Ilipofika mwaka 1964 ndipo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, huko Israeli, walipoibainisha THC, yaani kiini kinacholevya, na tangu hapo ikawezekana kuipima bangi kama ipimwavyo dawa nyingine yoyote.

Vipimo hivyo vimethibitisha nini? Vimethibitisha mambo machache, lakini ni mambo ya hakika. Dawa zilizotengenezwa kwa kufuata kiini hicho hutuliza kichefuchefu na matapishi ya mgonjwa wa saratani ambaye dawa za kawaida hazikumfaa, na Marekani iliiruhusu mojawapo tangu mwaka 1985. Kadhalika iko dawa ya kupuliza mdomoni, inayolegeza mkakamao wa misuli kwa baadhi ya wenye maradhi yanayokula ala ya mishipa ya fahamu. Na kiini cha pili, CBD, ambacho hakilevyi, kimejaribiwa kwa watoto na vijana 120 wenye aina moja nzito ya kifafa: waliopewa mafuta ya CBD, idadi ya kati ya mishtuko yao kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, ilhali wale waliopewa mafuta matupu walibaki karibu pale pale, kutoka 14.9 hadi 14.1. Mama anayemshika mwanawe asijigonge sakafuni hahitaji kufasiriwa tarakimu hizo. Hata hivyo, madhara nayo yalionekana, yaani usingizi, kuhara, na ini kusumbuka, na kwa hiyo damu ya mtoto lazima ipimwe mara kwa mara.

Lakini wanaotangaza kwamba bangi huponya saratani wanawadhulumu wagonjwa, kwani hakuna ushahidi wa jambo hilo. Wala moshi si dawa. Na kijana anayevuta kwa wingi huihatarisha akili yake, hatari ambayo sitaki mtu yeyote aipuuze kwa kisingizio cha mhadhara huu.

Huenda ikasemwa kwamba sheria imeikataza bangi. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa makatazo hayo, unakiri katika dibaji yake kwamba dawa za kulevya ni za lazima katika kutuliza maumivu; na tarehe 2 Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, bangi iliondolewa katika jedwali la mkataba huo la vitu vilivyohesabiwa kuwa havina faida ya tiba ila kwa nadra, ijapokuwa bado imo chini ya ulinzi mkali. Tena tunao mfano wa jirani. Afyuni ni hatari kuliko bangi, na hata hivyo Uganda, tangu Dakta Anne Merriman alipoanzisha huduma yake ya kutuliza maumivu mwaka 1993, huchanganya unga wa mofini, itokanayo na afyuni, na maji, huutia rangi ili kadiri ya nguvu yake itambulikane, na wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kisheria kuwaandikia wagonjwa majumbani. Ulinzi na rehema vimekaa katika chupa moja.

Basi nawaomba wenye mamlaka ya dawa na ya sheria katika nchi zetu waanze na hao watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa yoyote: waruhusu mafuta yaliyopimwa, yaandikwe na daktari bingwa, yatolewe katika hospitali zenye maabara, na kila chupa iandikwe daftarini.