Barua ya Nyamitaba: namna hadithi za kubuni zinavyoleta vita
(Mazungumzo ya amani yaliyosomwa katika radio, Goma)

  Leo tutazungumza juu ya karatasi.

Wengi wenu mmesikia habari ya barua ya Nyamitaba, kule Masisi. Inasemwa kwamba tarehe 6 Agosti 1962 ilionekana huko barua ya siri ya Watutsi, yenye mpango wa kuitawala Kivu na nchi zote za katikati ya Afrika. Ndani yake mtu asiyejulikana anawaamuru watu wake waingie katika ofisi, wawatumie binti zao, wawadanganye Wabantu kwa maneno matamu mpaka siku yao ifike. Karatasi hiyo ni ya kughushiwa. Gazeti Kangura la Rwanda liliichapisha katika namba 4, Novemba 1990, mwezi mmoja tu baada ya vita kuanza kule. Namba 6, Desemba 1990, gazeti lilelile likatoa zile zinazoitwa Amri Kumi za Wahutu, na amri za kwanza zinahusu wanawake: asioe, asiwe rafiki, asiajiri. Tangu wakati huo barua ya Nyamitaba imetembea Kivu kuliko chukudu. Imenakiliwa kwa mashini, kwa kalamu, na siku hizi kwa simu.

Angalieni jinsi ilivyotungwa, maana hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mwandishi hasemi, “Mimi ninamchukia jirani yangu.” Anajivika sauti ya jirani, kisha anamfanya jirani huyo aseme maneno mabaya yote. Wewe msomaji unajiona kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akisikia siri. Na mtu aliyesikia siri haombi ushahidi tena! Ukimwambia ni uongo atakujibu, “Nimeisoma kwa macho yangu.” Kweli, ameisoma. Alichosoma ni mchezo wa kuigiza ambao mtu mmoja ameandika maneno ya wachezaji wote.

Baada ya mauaji ya 1994 ilionekana karatasi nyingine kule Butare, ya kufundisha kazi ya propaganda. Iliwafundisha wanasiasa wamshitaki adui kwa jambo lilelile wanalotaka kumtendea wao wenyewe. Ndiyo maana katika mikutano yetu ya barza, mtu akisimama na kusema kwamba kabila fulani limekwisha kupanga kutumaliza, mukubwa wa mtaa anapaswa kumtazama vizuri yeye anayesema.

Hadithi hizi zina wazazi. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, aliandika katika kitabu chake kwamba wafalme wa nchi za maziwa walitoka upande wa Ethiopia, watu wa damu nyingine. Hakuwa na ushahidi. Aliwatazama sura, akabuni. Wakoloni wakaifanya hadithi hiyo kuwa somo la shule, kisha wakaandika kabila katika kitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, kule Kabaya, prefekture ya Gisenyi, Léon Mugesera alisimama mbele ya watu wa chama chake akasema kwamba Watutsi wangerudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Wengine walicheka. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti kweli, zikaingia Akagera, zikafika Ziwa Victoria, na watu wa Uganda waliokaa pwani ya ziwa wakazika maelfu ya watu wasiowajua. Hadithi ya msafiri wa 1863 ilikuwa imepata mapanga. Mugesera alirudishwa kutoka Canada mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ikamhukumu kifungo cha maisha. Mwenye gazeti Kangura, Hassan Ngeze, alihukumiwa Arusha mwaka 2003 pamoja na wakubwa wawili wa radio RTLM. Katika rufani ya 2007 kifungo chake kikawa miaka 35.

Msidhani jambo hili ni la Waafrika peke yao. Kule Urusi, mwaka 1903, gazeti moja lilichapisha mpango wa siri wa Wayahudi wa kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti The Times la London lilionyesha kwamba kurasa nyingi ziliibwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha 1864, kitabu kilichompinga Napoleon wa Tatu na kisichowataja Wayahudi hata mara moja. Hiyo ni ndugu kabisa ya barua ya Nyamitaba, na uongo huo kujulikana hakukuwazuia wafuasi wa Hitler kuutumia.

Marekani, Thomas Dixon alitunga riwaya mwaka 1905 ya kuwasifu Ku Klux Klan. Mwaka 1915 riwaya hiyo ikawa filamu, na mwaka uleule Klan, iliyokuwa imekufa, ikafufuliwa. Sikilizeni jambo la ajabu: Klan wa kwanza hawakuwa na desturi ya kuchoma msalaba. Dixon aliiweka katika riwaya yake, na Klan wapya wakaichukua kama ibada ya mababu! Tena mwaka 1978 William Pierce alitoa riwaya ya vita vya rangi ambamo watu wanalipua jengo la serikali kwa bomu ndani ya lori. Timothy McVeigh aliipenda, akaiuza kwa watu, na tarehe 19 Aprili 1995 akalipua jengo la serikali kule Oklahoma City kwa bomu ndani ya lori. Watu 168 walikufa, 19 kati yao watoto. Kurasa za kitabu hicho zilionekana katika gari lake.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini uongo wa Nyamitaba ulipata udongo wa kuota? Kwa sababu udongo wenyewe una kidonda. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamisha maelfu makumi ya Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, wakawaleta Masisi kwa kazi ya mashamba, bila kuwauliza wenyeji Wahunde kwa haki. Mwaka 1973 sheria ya Zaire ikasema ardhi yote ni ya Serikali, na wenye fedha na wenye rafiki Kinshasa wakajipatia malisho makubwa. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawaondolea wengi uraia waliopewa mwaka 1972. Mhunde aliyepoteza shamba la babu yake ana malalamiko ya kweli. Mnyarwanda aliyezaliwa Kitchanga na kuambiwa siku moja kwamba si mtu wa hapa, naye ana malalamiko ya kweli. Barua ya kubuni inakuja inachukua malalamiko hayo yenye tarehe na mipaka, inaweka mahali pake njama moja isiyo na mwanzo wala mwisho. Shamba unaweza kulipima na kulipatanisha. Njama ya kubuni huwezi kuipatanisha. Ndiyo faida yake kwa wanaotaka vita. Machi 1993, soko la Ntoto, Walikale, lilishambuliwa, na moto ukafika Masisi yote. Maelfu walikufa, na watu zaidi ya laki mbili walikimbia makwao.

Wala upande mmoja tu haukutunga. Kulikuwa pia na hadithi kwamba kila mkimbizi Mhutu ni muuaji, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Waliofanya mauaji 1994 walikuwa kweli katika kambi zetu za Mugunga na Kibumba. Lakini hadithi haikuchagua. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010, inayohusu miaka ya 1993 mpaka 2003, imeandika matukio 617 ya ukatili mkubwa katika nchi yetu, na mengi ni ya wakimbizi wasio na silaha waliouawa mwaka 1996 na 1997, wazee na watoto kati yao. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya hadithi hizi mbili. Zote zinafuta uso wa mtu.

Wakubwa wa mitaa mara nyingi wanatuuliza: trakti ikionekana asubuhi mlangoni pa kanisa, au sauti ikipita katika simu, tufanye nini? Msiisome mbele ya watu wote, hata kwa nia ya kuikataa, kwa maana watakumbuka trakti na kusahau majibu yenu. Mwiteni pembeni yule aliyeiona wa kwanza. Aliipata saa ngapi, nani alimpa, nani mwingine alikuwepo? Kama ni barua ya zamani, kwa nini inaonekana leo, wiki ambayo kuna ugomvi wa shamba au askari wapya wamefika? Itazameni lugha yake: je, adui anayeandika siri zake angejiita mwenyewe kwa majina ya matusi? Kisha ninyi wenyewe mwende kwa mzee wa jamii inayoshitakiwa, kabla ya jua kuzama, mumwonyeshe, ili asiisikie kwanza katika radio trotwari.

Na wamama, ninajua usiku ni mrefu katika nyumba ya watu, na watoto wanaomba hadithi. Wanauliza nani aliwatoa kwenu. Waambieni jina la kijiji, jina la mlima, na yaliyotokea siku ile kama mlivyoyaona. Aliyechoma nyumba alikuwa na uso na nguo. Msimpe kabila zima.

Juma lijalo tutaendelea na jambo la mashamba: karatasi gani mtu aliyekimbia anapaswa kuhifadhi, na anayeishi katika shamba lake leo aulizwe kwa njia gani. Wenye maswali wayaandike na kuyapeleka kwa mukubwa wa nyumba kumi. Muwe na usiku mwema.