Hotuba ya Mama Mwenyekiti: Pesa za Marehemu Zilizolala Benki

Leo sina mengi. Wengi wetu hapa ni wajane, na mzee akienda huwa hatujui aliacha nini benki. Akaunti ikikaa miaka 5 bila kuguswa, sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inataka benki ipeleke pesa hiyo kwa Mamlaka ya Serikali ya mali zisizodaiwa. Haipotei, ni yenu. Bonyezeni *361# kwa simu, mtafute kwa nambari ya kitambulisho. Kudai ni bure, kwa hivyo anayezunguka sokoni akitaka mia tano ya fomu, mfukuzeni! Kazi iko kwa cheti cha kifo na hati ya mahakama ya mirathi. Baada ya chakula katibu ataketi pale mwembeni na simu. Njooni na nambari za wazee wenu.