Mbele ya kupanda boti, tuangalie bidoni



Leo siji na maneno ya uchaguzi wala ya barabara. Nakuja na maneno ya bidoni. Ile bidoni ya manjano yenye inakaa nyuma ya boti, kwa miguu ya kapiteni, na yenye hakuna mtu anaiangalia.

Siku moja nilikuwa natoka Idjwi kuja Goma. Tulikuwa watu zaidi ya 20: wamama na mananasi yao, mbuzi wawili, mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake. Pale bandarini moteri iliwaka vizuri, kamba ilivutwa mara mbili tu. Tulipofika katikati ya ziwa, upepo ukaanza. Moteri ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Kapiteni akavuta kamba mpaka mikono ikamwisha nguvu. Boti ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia. Jilee zilikuwa 6. Wavuvi ndio walitukuta na kutuvuta mpaka ng'ambo. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana hamkusikia habari yetu.

Tulipofika nikamuuliza kapiteni: “Papa, ile esanse ni ya lini?” Akanijibu bila hasira: “Mwanangu, niliinunua wakati bei ilikuwa chini. Sasa iko na miezi saba. Ulitaka niimwage?”

Nilikosa jibu. Nilisoma kemia, diploma iko nyumbani ukutani, kazi hakuna. Lakini ile kidogo nilisoma, acha leo isaidie.

Esanse si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Vile vyepesi ndivyo vinashika moto haraka. Bidoni ikikaa miezi mingi, ikifunguliwa na kufungwa, ikikaa juani, vile vyepesi vinaruka na hewa. Tena hewa inaharibu yenye inabaki, inazaa gundi kama verni. Gundi hiyo inaziba vitundu vya karburateri, na vitundu vile ni vidogo kama tundu la sindano.

Adui wa pili ni maji. Bidoni ya nusu iko na hewa ndani. Usiku baridi, ile hewa inaacha matone. Kifuniko kikipotea, watu wanaziba na mfuko wa plastiki, mvua inaingia. Maji ni mazito kuliko esanse, yanashuka chini na kulala. Bandarini ziwa limetulia, maji yamelala, moteri inawaka vizuri. Mukifika kwenye mawimbi, bidoni inatikisika, maji yanaamka, mpira unayavuta. Ndiyo maana moteri inakufa fasi mbaya kabisa, na si pale bandarini.

Wengine wanasema: ongeza mafuta ya moteri kidogo, itapona. Hapana. Yale mafuta ni ya kulainisha vyuma, si dawa ya esanse. Ukizidisha, unachafua bujii tu.

Sasa tufanye nini? Chukua chupa nyeupe ya kioo, safi, kavu. Kwa mpira, toa esanse ya chini kabisa ya bidoni, usivute na mdomo. Fanya nje, mbali na sigara na makaa. Acha chupa itulie nusu saa. Ukiona mstari, na chini yake kitu kingine, ni maji. Weka pembeni chupa ya esanse mpya. Kama ya zamani imekuwa nyeusi zaidi, ama inanuka uchachu kama verni, isiende ziwani na watu. Kama iko safi lakini imekaa, ichanganywe kidogo kidogo na mpya nyingi, itumike kwa grupu nchi kavu, fasi ikizima hakuna anayezama. Na isimwagwe ziwani: Goma tunakunywa maji ya ziwa lile.

Mwenye kuhifadhi ajaze bidoni karibu kujaa, aifunge vizuri, aiweke kivulini, mbali na fasi watu wanalala, aandike tarehe juu yake. Ikipita miezi 3, asiiamini bila kupima.

Makamarade, sikuja kumshitaki yule papa. Yeye anaweka esanse kwa sababu bei inapanda bila kusema hodi, na kuna siku haipatikani kabisa. Kumwaga bidoni ya litre 20 ni kumwaga chakula cha watoto. Lakini bandarini kuna watu wanatoza kila boti, kila abiria, kila mzigo. Wanaangalia jeto. Sijaona hata mmoja anaangalia bidoni. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti yenye ilitoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiangalia kutoka ukingoni. Pale walisema ilijaa kupita kiasi, si esanse. Lakini swali ni lilelile: nani aliangalia mbele ya kuondoka?

Katiba yetu ya 2006, artikle 16, inasema mtu ni mtakatifu na Serikali iko na lazima ya kumlinda. Basi tunaomba vitu vitatu kwa ile pesa tunalipa: chupa ya kupimia kwa kila bandari, filtre ya kutenga maji kwa kila moteri inayobeba watu, na jilee kwa kila abiria.

Na sisi, tusingoje. Ukipanda boti, uliza kwa heshima: “Papa, esanse ni ya lini? Mumeipima? Jilee ziko ngapi?” Mtu mmoja akiuliza, watamwita msumbufu. Boti nzima ikiuliza, kapiteni atapima.