Wakazi wa Darini: Wanyamapori na Ukarabati wa Majengo ya Kale, Karatu na Ngorongoro

Jengo la kale likihamwa na watu halibaki tupu. Ndani ya Kreta ya Ngorongoro, karibu na mto Munge, yapo magofu ya nyumba ya Adolph Siedentopf, mlowezi wa Kijerumani aliyefuga humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko Karatu, baadhi ya nyumba za mashamba ya kahawa ya walowezi zimekuwa hoteli. Popo wanaokula wadudu hujibanza chini ya mabati, katika upenyo wa unene wa kidole gumba. Teleka hujenga viota chini ya pembe za paa. Bundi hutaga darini.

Madhara makubwa ya ukarabati hutokana na kukosea wakati. Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, aghalabu majira ya mvua, wadudu wanapojaa. Fundi akiziba tundu siku hizo, mama hubaki nje na kitoto hufia ndani. Kungoja kiangazi pekee hakutoshi, kwani bundi huweza kutaga mvua zikiisha, panya wakiwa wengi. Hivyo ukaguzi hutangulia jukwaa la mafundi: jioni mkaguzi hutazama popo wanatokea tundu lipi, na mchana hutafuta kinyesi kwenye kenchi.

Bundi anastahili utetezi wa ziada. Wengi humhesabu ndege wa mkosi na kumfukuza, ilhali ndiye mwindaji wa panya wanaomaliza mahindi shambani.

Popo wanapolazimika kuhama, na vitoto vimekwisha kuruka, kipande cha chandarua hufungwa juu ya tundu na kuachwa kining'inie upande wa chini. Popo hutoka kwa kuteleza chini yake, lakini akirudi hapati njia. Baada ya siku kadhaa bila popo kuonekana, tundu huzibwa. Dawa ya mbao nayo ichaguliwe kwa uangalifu: lindeni, iliyotumika sana Ulaya dhidi ya wadudu wa mbao, iliua popo muda mrefu baada ya kupakwa.

Si wanyama tu, mimea nayo huvamia urithi wa kale. Laetoli, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kinachohifadhiwa si jengo bali nyayo za mababu wa binadamu za miaka milioni 3.66, zilizogunduliwa mwaka 1978. Zilipofukiwa mwaka uliofuata, udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga, na mizizi ikaanza kupenya kwenye tabaka la nyayo. Mwaka 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty zilizifukua nyayo hizo, zikaondoa mizizi, zikazifukia upya chini ya kitambaa chenye dawa inayozuia ncha za mizizi kukua kwenda chini. Miche inayoota juu ya tuta linalofunika nyayo hung'olewa ingali midogo.