Mutoto wa Wapi? Masharti ya Burse na Sisi Wenye Tulirudia

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, Kolwezi



Leo tunazungumuza juu ya burse, ni kusema feza ya kusomesha mutoto iniversite. Hatutasema sana juu ya feza yenyewe. Tutasema juu ya mulango wake, sababu watoto wetu wengi wanarudishwa pa mulango, hata mbele mutu aangalie pointi zao.

Mulango ule uko na maulizo matatu. Wewe ni raia wa wapi? Unaikala wapi? Uko na diploma gani? Kwa mutoto mwenye hajatoka hapa hata siku moja, ni karatasi tatu tu. Kwa mutoto mwenye alizaliwa ku kambi ya Meheba, akasoma Solwezi, akarudia Kolwezi akiwa kijana, kila ulizo ni safari.

Tuanze na kule tulitoka. Zambia iko na ofisi ya mikopo na burse za iniversite, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, na mukopo wake ni wa raia wa Zambia. Tanzania ni vile vile: mukopo wa serikali ni wa Mutanzania. Hatukasirike, kila nchi inasomesha wake kwanza. Lakini kule mutoto wetu alikuwa mugeni, na hapa tena anaulizwa kama ni wa hapa. Anabaki pa mupaka, sawa gari bila karatasi pale Kasumbalesa.

Juu ya uraia, sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 iko wazi: mutoto mwenye baba ao mama yake ni Mukongomani, naye ni Mukongomani tangu kuzaliwa. Kuzaliwa ku kambi hakumutoshi uraia. Lakini ile haki inataka ionekane pa karatasi. Njo maana tunawaambia bazazi: ile fomu ya kurudi kwa hiari ya HCR, yenye majina ya watoto wote wa nyumba, musiifungie chumvi. Ni ushuhuda wenu.

Juu ya makao, Katiba ya 2006 inasema pa kifungu 30 kwamba mutu ana haki ya kuikala mahali anapotaka ndani ya inchi, kutoka, na kurudia. Kifungu 13 kinakataza kumubagua Mukongomani katika mambo ya masomo juu ya kabila lake, ukoo wake, ao makao yake.

Lakini ofisi moja iliuliza kijana wetu: "Mukini ya nkambo yako iko wapi?" Ile si ulizo la makao. Ni ulizo la asili. Makao ni mahali unalala, unalipa nyumba, unajulikana na shefu wa kartie. Hapa Kolwezi tunajua ulizo la asili linafikisha watu wapi: mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi, na wengi wao walizaliwa hapa hapa.

Hata jina la jimbo linatutega. Karatasi ya baba inasema Shaba, sababu tangu 1971 mpaka 1997 jimbo liliitwa vile. Ya mama inasema Katanga. Ya mutoto mudogo inasema Lualaba, jimbo lenye lilianza 2015. Ni bulongo ile ile. Mukiulizwa, muonyeshe zote pamoja.

Hatupinge sharti ya makao. Bila ile sharti, watoto wa muji watachukua nafasi ya mutoto wa Kapanga ao Sandoa. Uganda, tangu 2005, inagawia wilaya sehemu moja ya nafasi za serikali katika iniversite zake, juu ya kusaidia watoto wa mbali. Kule pia watu wanabishana: mutoto wa wilaya ni nani? Tunaomba tu sharti iandikwe, na ipimwe kwa karatasi zenye mutu wa kawaida anaweza kupata.

Ulizo la tatu njo gumu kupita yote. Cheti cha Grade 12 cha Zambia ni cha Kiingereza. Cha Angola ni cha Kireno. Hapa wanataka diploma ya Serikali, ao ekivalansi yenye inatolewa na wizara Kinshasa, si na shule. Inakula muda. Kwa hiyo, mutoto mwenye bado iko ku sekondari, aingie shule ya hapa mapema, afanye Egzeta pamoja na wengine. Mwenye alipita umri wa shule anaweza kujiandikisha sawa otodidakte. Na mwenye amemaliza kule, aanze ekivalansi mwezi anafika, asingoje burse itangazwe.

Sasa tunaomba mambo matatu. Wanachama: kila nyumba ifungue dosie ya mutoto mbele ya mwaka wake wa mwisho wa shule, na muilete ku ofisi yetu tuiangalie pamoja. Wafadhili: tunashukuru kwa minervali, lakini mulipie pia tafsiri ya vyeti na safari za karatasi. Feza kidogo pale inafungua feza nyingi mbele. Na sisi wote: kasa yetu wenyewe isiwe na ulizo la nkambo. Kuna wenye wanataka tuseme "paka wa mukini yetu." Tukikubali vile, tutakuwa na sauti gani ya kulalamika ku komine?

Tunapendekeza kasa iulize paka hivi: mutoto anaikala hapa leo? Mukubwa wake ni mwanachama? Anasoma kweli?

Tupigie hili kura mbele ya kutawanyika.