Shauri la Ploti za Wenzetu

(Maneno yaliyosemwa na Kamati mbele ya wanachama wa tawi)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Mwajiri na apumzike kidogo. Tumekuja kusema habari za ploti ambazo wenzetu kumi na wanne wa tawi hili walinunua kwa jasho lao, na ambazo leo hawawezi hata kuzikanyaga.

Wengi wenu mwaijua habari yenyewe. Walilipa kampuni ya kuuza ardhi, wakapewa risiti, wakaonyeshwa mawe ya mpaka, wakaambiwa hati zaja. Wengine walipanda mahindi wakavuna. Mwezi wa Machi 2015 akaja mtu mwingine na hati yenye mhuri, akazungusha seng'enge, akaweka askari langoni. Tangu hapo wenzetu wamekwenda kwa chifu, wamekwenda kwa wazee, wamekwenda afisi ya kampuni mpaka mlango ukafungwa kabisa. Kortini hawajakwenda. Kila tukiwauliza, wanajibu, "Yeye ana hati, sisi tuna risiti. Tutashinda na nini?"

Jibu hilo ndilo lililotuleta hapa.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, yasema kwamba mwenye jina katika hati huhesabiwa kuwa ndiye mwenye ardhi. Lakini kifungu hicho hicho chasema hati yaweza kupingwa ikiwa mwenyewe alishiriki udanganyifu, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya rushwa. Chifu hawezi kuifuta, wala wazee. Korti yaweza.

Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilikata shauri la kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Lilihusu kiwanja cha ufukoni huko Nyali, kilichogawiwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kampuni ilikuwa imenunua na ina hati mkononi. Ikashindwa, kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma na ugawaji ule wa kwanza haukufuata sheria. Majaji walirudi nyuma mpaka pale karatasi ilipoanzia. Kwa hivyo mtu wa seng'enge naye ataulizwa: ulinunua kwa nani, na huyo aliipataje? Kama ilikuwa ardhi ya kilimo, kibali cha Bodi ya Ardhi ki wapi?

Lakini tusidanganyane, ndugu. Maswali hayo hayo tutaulizwa sisi. Tangu 2003 mapatano ya kuuza ardhi yapasa yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na shahidi awepo. Je, mkataba wenu uko, au mna risiti tupu? Na je, jina la kampuni ile lilikuwa katika daftari la ardhi siku iliyowauzia? Kama halikuwamo, iliuza kitu kisicho chake, na shauri letu lina ugonjwa mbaya. Hata kuidai kampuni kwa mkataba ni miaka 6 tu, nayo imekwisha pita. Basi kabla ya kumlipa wakili hata senti moja, yapasa daftari lipekuliwe afisini kwa Msajili, tupate habari za ardhi ile tangu mwanzo.

Tunachokiogopa zaidi ni kalenda. Sheria ya muda, Sura ya 22, yampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi aliyonyang'anywa. Hesabuni wenyewe kutoka Machi 2015. Ni kweli kwamba udanganyifu uliofichwa huhesabiwa tangu siku ulipogunduliwa, lakini sisi tuliiona seng'enge kwa macho yetu. Tusitegemee mlango huo.

Si lazima tuanze katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hakimu Mkuu aliyepewa kazi hiyo aweza kusikiza shauri la ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 20. Watatu waweza kusimama kwa niaba ya wote, mradi kila mmoja atie sahihi ya kuwaruhusu. Tena tuombe amri ya kumzuia yule mtu asiuze wala asijenge mpaka shauri likatwe.

Mmoja wa kumi na wanne amefariki, na mkewe yu hapa leo. Mama, risiti ulizozitunza ndani ya Biblia ni nzuri kuliko za wengi waliozitia chini ya godoro, panya wakasoma kwanza. Lakini kabla ya kushtaki kwa ajili ya marehemu, huna budi upate kibali cha korti. Katibu atafuatana nawe Jumatatu.

Mfuko wa chama hautaguswa, maana ni wa mambo ya kazi. Wenye ploti watachanga wenyewe, wakijua kwamba anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake. Asiyetaka aseme sasa, hatutamchukia.

Wanaotaka walete karatasi zote Jumamosi ijayo saa nane: risiti, mikataba, barua, hata bahasha zenye tarehe. Leteni zile za asili pamoja na nakala. Zile za asili mtarudi nazo nyumbani.