Mama Mkwe Atalala Wapi? Kiangazi Chetu Kando ya Bodensee

 

Najua wengi mmekuja kusikia habari za viza. Nitafika huko. Lakini naanza na swali ambalo ubalozi hauulizi, na ndilo lililopangua mipango yetu yote: mzazi akija Ulaya, atalala wapi?

Mwaka 2025 tulimleta mama yetu kutoka kwetu Kabras, Kenya, Julai na Agosti. Mimi ni muuguzi, naishi Stuttgart, peke yangu. Mdogo wangu ameolewa na Mjerumani na wanakaa Friedrichshafen, mji ulio ukingoni mwa ziwa liitwalo Bodensee, ambalo Ujerumani, Uswisi na Austria zimelizunguka. Mpango ulikuwa mwepesi: Mama akae kwangu wiki chache, kisha twende naye kwa mdogo wangu wiki tatu. Kuna chumba cha wageni, kuna roshani, ukikaa hapo unaona milima ya Uswisi ng'ambo ya maji. Na hulipi hata senti.

Tukampigia simu kumweleza. Akasikiliza, akanyamaza. Halafu akauliza, "Nyumba hiyo ni ya nani?"

"Ni ya mkwe wako, Mama."

"Basi mimi silali hapo."

Vijana mliozaliwa huku, hebu niwafafanulie. Kwetu, wazee wengi bado wanashika heshima kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawapeani mikono. Hawakai meza moja wakala wakitazamana. Na mama mkwe kulala chini ya paa la mkwe wake, hilo ndilo zito kuliko yote. Usidhani ni chuki. Mama anampenda sana yule kijana. Alipokuja kwetu kutoa mahari alikaa kwenye kiti cha plastiki mvua ikimnyeshea kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie ndani, naye hakulalamika. Mama bado anaisimulia hadithi hiyo kwa fahari. Lakini kupenda ni kupenda, na paa ni paa.

Mdogo wangu alilia kwenye simu. Mimi nikafungua tovuti za nyumba za kupanga.

Tulipata vyumba viwili kijijini Hagnau, kilomita chache magharibi ya Friedrichshafen. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujanunua tiketi yoyote, muulize mzazi wako masharti yake, kisha uyajengee safari. Sisi tulifanya kinyume, tukapoteza amana ya malazi mengine tuliyokuwa tumeyawekea nafasi Bregenz, upande wa Austria.

Haya, viza. Kwa ziara ya jamaa unaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, inayompa mtu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiletwe siku zikiwa zimebaki chini ya 15. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Mwenyeji wa Ujerumani akitaka kubeba gharama, huenda ofisi ya wageni ya mji wake kutia sahihi hati ya ahadi. Wenyewe huiita Verpflichtungserklärung, na kulitamka tu ni kazi ya asubuhi nzima. Inalipiwa euro 29. Isome vizuri, maana umeahidi kulipa malazi, matibabu, hata gharama za kumrudisha mgeni kwao akikataa kuondoka.

Palipotutoa jasho ni kuthibitisha kwamba Mama atarudi nyumbani. Ukiwa na hati ya shamba, unaiweka mezani. Lakini nani kwetu ana hati yenye jina lake? Shamba letu bado liko kwa jina la babu, aliyekufa kabla sijaanza shule, na mirathi haijafanywa kwa sababu kila kikao kinaishia kwenye ugomvi wa mpaka. Basi tulikusanya tulichokuwa nacho: barua ya chifu, stakabadhi za malipo ya miwa, taarifa za benki, na barua ya shule ya wajukuu anaowalipia karo. Kwa kweli ule mrundo wa stakabadhi za miwa ulieleza maisha ya Mama vizuri kuliko hati yoyote ya shamba. Viza ikatoka.

Kisha kuku. Mama alikuwa amekaanga kuku wawili wa kienyeji, amewafunga kwenye majani ya mgomba na mfuko juu. Msimruhusu mtu yeyote kufanya hivyo. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii kwenye mzigo wa abiria, na mboga mbichi kama saga na mrenda zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi zinaruhusiwa, na nanasi pia; msiniulize mantiki yake. Wale kuku waliliwa uwanjani Nairobi na binamu aliyemsindikiza, na Mama alishuka Frankfurt na ndizi.

Kiangazi cha huku kilimsumbua kwa jambo moja ambalo sikulitarajia: mwanga. Mwezi wa Julai jua linazama baada ya saa tatu usiku. Mama hapiki chakula cha jioni kabla giza halijaingia. Siku mbili za kwanza tulikula ugali saa nne na nusu usiku, tumechoka hoi, naye akishangaa watu gani hawa wasiojua saa ya kufungia kuku.

Halafu, huko Hagnau, asubuhi alikuwa akitoka kwenda kusalimia majirani. Anabisha hodi mlango kwa mlango, leso mabegani. Ujerumani mtu humtembelei bila miadi, hata kama ni ndugu yako. Nilimkimbilia nikiomba msamaha kila kizingiti. Mlango wa tatu alikuwa mama mzee anayelima zabibu, akamkaribisha ndani, na nilipofika walikuwa wanaangalia picha za harusi. Hawana hata neno moja la pamoja. Kwa hiyo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kumkataza.

Mama ni mkulima wa miwa, basi Hagnau aliielewa haraka. Alitembea kati ya mistari ya mizabibu akinung'unika kuhusu palizi. Nilimsimulia kwamba mwaka 1881 padri wa kijiji, Heinrich Hansjakob, aliwakusanya wakulima wakaunda chama cha ushirika, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanawanunulia kwa bei ya kutupa. Chama hicho kipo hadi leo. Mama akauliza swali moja tu: "Wanalipwa baada ya siku ngapi?" Wenye miwa huko nyumbani mnajua kwa nini aliuliza hivyo.

Hapohapo Hagnau kuna kisa kilichomgusa kuliko majumba yote ya kifalme. Februari 1963 Bodensee iliganda yote, watu wakavuka kwa miguu. Kuna sanamu ya Mtakatifu Yohane ambayo kwa desturi ya karne nyingi hubebwa kwa maandamano juu ya barafu kati ya Hagnau na Münsterlingen ya Uswisi, kisha hubaki upande ilipofikishwa mpaka ziwa ligande tena. Haijavuka tangu mwaka huo. Mama alizaliwa 1963. "Kwa hiyo inangoja tangu nizaliwe," akasema, na kila tulipopita karibu na maji aliyaangalia kama mtu anayekagua sufuria.

Vivutio vingine nitavipitia mbiombio. Konstanz, bandarini, kuna sanamu ya Imperia, mwanamke wa mita 9 anayejizungusha taratibu, mikononi amewabeba mfalme na papa walio uchi. Ni dhihaka ya mtaguso wa kanisa uliofanyika mjini humo kati ya 1414 na 1418. Mama, mwanachama wa umoja wa akina mama kanisani, aliuliza nguo za huyo dada ziko wapi, akageuka. Mlima Säntis, upande wa Uswisi, una mita 2,502. Kwa mtu aliyekua akiuona Mlima Elgon wa mita 4,321 siku za mawingu machache, ni kilima. Mainau, kisiwa cha maua, nendeni asubuhi.

Makumbusho ya Zeppelin ya Friedrichshafen ni suala lingine. Mkwe ndiye aliyetupeleka, akitembea hatua kumi mbele yetu kama adabu inavyotaka, alikuwa ameshafundishwa. Zeppelin, ndege za gesi, zilianzia hapo, ya kwanza ikiruka juu ya ziwa tarehe 2 Julai 1900. Lakini kuna moja inayotuhusu. Novemba 1917 ndege L 59, iliyoundwa na kampuni ya Zeppelin, iliondoka Bulgaria ikiwa na dawa na risasi za jeshi la Wajerumani lililokuwa likipigana Afrika Mashariki. Ilifika juu ya Sudan, ikaamriwa irudi. Ilikaa angani saa 95. Mama alisikiliza akiwa amefunga mikono. Babu yake, kwa simulizi za nyumbani, alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika vita hivyo, na alirudi na miguu mibovu. "Wao walikuwa na mtungi unaoruka," alisema. "Sisi tulikuwa na vichwa vyetu."

Sasa samaki, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Tuliketi kwenye mkahawa hatua chache kutoka majini, Mama akaagiza samaki wa ziwa. Mhudumu akasema wa ziwa hayupo, aliyepo ametoka mbali. Mama alidhani tunadanganywa. Kumbe samaki maarufu wa Bodensee, Felchen, alikuwa amepigwa marufuku kuvuliwa katika sehemu kubwa ya ziwa kwa miaka 3 kuanzia Januari 2024, kwa sababu alikuwa amepungua mno. Maji taka yaliposafishwa, virutubisho vikapungua, chakula cha samaki kikapungua navyo. Kisha akaja kome mgeni aitwaye quagga, aliyeonekana mara ya kwanza 2016, anayechuja kidogo kilichobaki. Na kuna kisamaki chenye miiba kinachokula mayai na vitoto vya Felchen.

Fikirini kwetu. Mto Nzoia unachukua maji ya Kabras, mbolea ya miwa ikiwemo, mpaka Ziwa Victoria, na huko shida ni kinyume: rutuba imezidi, magugu maji yameziba ghuba ya Kisumu. Victoria ni kilomita za mraba 68,800 na kina chake kikubwa ni mita 80 hivi. Bodensee ni 536 tu, lakini kina ni mita 251. Na maji yake, yanayovutwa mita 60 chini huko Sipplingen, yananywewa na watu wapatao milioni 4, mimi nikiwemo katika bomba langu la Stuttgart. Mama alipojua hilo alikoma kuchemsha maji ya chai mara mbili.

Siku ya mwisho tulipanda feri kutoka Friedrichshafen kwenda Romanshorn, Uswisi, dakika 40 hivi. Mama alikuwa ameamka alfajiri kupika kuku. Kuku wa dukani huku huuzwa bila firigisi, na kwetu firigisi, imondo, haipewi mtu ovyo. Siku mbili kabla tulizunguka hadi tukaipata kwenye duka la Mturuki, nusu kilo nzima kwenye kifurushi. Mama aliihesabu akauliza ni sherehe ya nani iliyochinja kuku wote hao.

Feri ilijaa. Meza moja tu ilikuwa wazi. Mkwe akabaki amesimama kwenye chuma cha pembeni, upepo ukimpiga. Mpwa wangu, ana miaka 7, akamuuliza baba yake sasa tuko nchi gani. Akamjibu kwamba hajui, na hakuna anayejua: hapa kwenye ziwa kubwa nchi hizi tatu hazijawahi kukubaliana mpaka. Uswisi husema mstari upite katikati. Austria inaona maji ya kina ni mali ya wote. Ujerumani haijawahi kutoa jibu la moja kwa moja. Hakuna mkataba, na hawapigani.

Mama akanitaka nimtafsirie kwa Kikabras. Nikamtafsiria. Akataka nirudie. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka minne amekuwa akienda kwa chifu kwa sababu jirani aling'oa miti ya lusiola iliyopandwa mpakani na kuisogeza hatua mbili.

Akaangalia maji kwa muda.

"Kwa hiyo hapa si kwake?"

"Si kwake, Mama."

"Wala si kwa serikali yake?"

"Hawajaamua."

Akasogea kwenye benchi, akafungua leso iliyofunika sufuria. "Mwambieni akae," akasema. "Imondo ni yake. Ale haraka, kabla hatujafika kwa watu."